Chumvi ya Ijumaa

Mimi ni mtu wa stoo. Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za stoo ya shule ya bweni hapa Dodoma, na ukikaa na magunia muda wote huo, binadamu unaacha kumwamini. Nimeshamsimamisha mpishi getini nikamkuta na sukari kaifunga kiunoni ndani ya khanga. Nimeshakuta mafuta ya kupikia ndani ya chupa ya chai. Nimeshamwaga gunia la maharage sakafuni nikakuta huko chini wamejaza kokoto. Kwa hiyo mtu akiniambia nina roho ya kushuku, wala simbishii. Ninayo, na imeokoa maharage mengi. Ninachotaka kueleza hapa ni siku niliyoitoa roho hiyo stoo nikaipeleka kwa wagonjwa.

Mama yangu aliugua figo. Alikuwa mkulima wa Zuzu, mtu wa uwele na karanga, hajawahi kulazwa hata siku moja, mara miguu ikaanza kuvimba, uso ukavimba, tukaambiwa figo zote mbili zimechoka. Ilibidi damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa, hadi mwisho wa maisha yake. Nikamhamishia kwangu. Kliniki tuliyopangiwa ilikuwa ndogo, mashine nne tu, nyumba ya kawaida iliyovunjwavunjwa kuta ndani.

Siku ya kwanza daktari alinipa masharti. Maji vikombe vitatu vidogo kwa siku. Ndizi hapana. Na chumvi, akanikazia macho, chumvi hapana kabisa. Akasema chumvi itavuta maji mwilini, maji yatajaa mpaka kwenye mapafu, na mama atazama akiwa kitandani kwake. Neno hilo la kuzama lilinikaa kifuani, likakataa kutoka.

Sasa mnyime Mgogo chumvi na magadi uone moto wake. Mama alisukuma bakuli.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Mlenda, mama."

"Mlenda huu umekufa. Nani kauua?"

Sikucheka. Chumvi yote ya nyumba niliifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Watoto wangu wakala mboga chapwa pamoja na bibi yao, wakanuna, nikawaacha wanune. Jirani alimletea mama samaki wakavu wa Mtera, nikamrudishia pale pale mlangoni, na mpaka leo hatujarudi tulivyokuwa. Mama akanibatiza jina: askari jela. "Askari jela, naomba maji." "Askari jela, muda wa kulala umefika?" Niliitika. Nilitaka mama aishi, basi. Mengine yote niliona ni kelele.

Nyuma ya kliniki kulikuwa na benchi chini ya paa la mabati, tukisubiri hapo mpaka saa mbili mashine zifunguliwe. Mbele ya benchi palikuwa na mlango wa chumba cha maji. Mlango huo haukufungwa, kwa sababu ndani palikuwa na joto la kuokea mkate, na mimi nikiona mlango wazi macho yangu huingia yenyewe. Kulikuwa na mtungi mrefu wa bluu unaonizidi kimo, pembeni yake pipa jeupe la plastiki lenye mfuniko, mipira, mabomba, na pampu iliyokuwa inaguguma. Mwenye chumba alikuwa fundi wa maji, mwanamume wa makamo, mfupi, mpole, hapendi maneno. Mimi na watu wasiopenda maneno hatujawahi kupatana.

Kwenye benchi hilo ndipo tulipompata mzee. Alikuwa Mrangi wa Chemba, mfanyabiashara wa mbuzi mnadani, na siku zake za mashine zilikuwa zile zile za mama. Alipanda basi alfajiri akarudi kwao jioni ile ile. Figo zimemfia, miguu imevimba, lakini mdomo mzima! Wiki ya pili tu tayari alikuwa anamwita mama mchumba.

"Mchumba, nimekuletea habari njema. Mahari nimeongeza. Mbuzi kumi."

"Mbuzi?" mama alijibu. "Nenda kaongee na mbuzi wenzako. Mimi ni wa ng'ombe."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizo hakucheka na mtu mwingine yeyote, na mimi nilimsalimia mzee yule shikamoo yangu, akaitikia marahaba yake, nikakaa nikimtazama. Nilijiuliza anataka nini kwa mama yangu.

Kulikuwa na mbuzi wa kweli pia. Mbuzi wa majirani walikuja kila Jumatatu asubuhi mpaka kwenye mtaro uliopita nyuma ya chumba cha maji, wakainamisha vichwa, wakalamba kingo za saruji. Niliwafukuza kwa kandambili. Mzee akasema niwaache, wale wana akili kutuzidi. Nilidhani ni utani wake tu.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Ilikuwa yapata saa sita mchana, mama amemaliza mashine, amelala kidogo ndani kabla ya kuondoka, mimi niko kwenye benchi. Nikasikia mlio wa gunia linapasuliwa uzi. Mlio huo naujua hata nikiwa usingizini. Nikageuka. Fundi alikuwa ameinua kiroba cha kilo ishirini na tano, anakimimina ndani ya lile pipa jeupe. Chumvi. Chumvi ya mawe, nyeupe pe! Kikaisha, akavuta kingine akamimina nusu.

Niliona giza. Nyumbani kwangu nafunga chumvi kwa ufunguo, napigana na jirani kwa ajili ya samaki, halafu hapa mtu anamwaga kiroba kizima! Nikaufuata mpira kwa macho, kama ninavyofuata mavi ya panya stoo. Mpira umetoka kwenye pipa umeingia kwenye mtungi wa bluu. Bomba limetoka kwenye mtungi wa bluu limepenya ukutani. Na nyuma ya ukuta huo ndiko mama yangu analazwa, damu yake inazunguka nje ya mwili.

"Fundi, hiyo ni nini?"

"Chumvi, dada."

"Naona ni chumvi! Ya nini?"

"Ya kuoshea resini."

"Resini ni nini?"

Akaupiga mtungi kofi dogo. "Iko humu. Inalainisha maji." Kisha akatazama saa yake, akaenda kunawa, maana ilikuwa Ijumaa na alikuwa anawahi msikitini.

Resini! Kwa uzoefu wangu, mtu ukimshika na kitu cha watu, neno la kwanza kutoka mdomoni mwake ni neno ambalo hujawahi kulisikia. Nikaenda moja kwa moja kwa nesi.

"Sista, kuna mtu anatia chumvi kwenye maji ya mama yangu."

Alikuwa anaandika. Hata kichwa hakuinua. "Ni kawaida hiyo, mama. Usijali."

Usijali. Nikatoka nasonya. Mpishi wa sukari naye aliniambia nisijali.

Jumatatu iliyofuata mama alipandishwa kwenye mzani, uzito umezidi kuliko kawaida, miguu imejaa kama mikate. Nesi akaniita pembeni, akashusha sauti kama mtu anayekusitiri.

"Mama, huko nyumbani mnampa chumvi?"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawasha. Mimi? Mwenye ufunguo shingoni? Nikauvuta ufunguo nikamwonyesha. Hapo ndipo nilipomaliza hesabu yangu. Chumvi wanatia wao, mtu akivimba wanasingiziwa ndugu. Kwa nini wafanye hivyo sikujua. Labda akizidi kuumwa atazidi kuja. Sikuhitaji sababu, nilikuwa nimeona kiroba kwa macho yangu.

Ijumaa yake asubuhi nikamweleza mzee pale kwenye benchi, mama akiwa katikati yetu. Mzee alicheka kwa meno yake machache.

"Binti yangu, mimi ni mtu wa mifugo, chumvi naijua. Hata mimi siku ya kwanza nilishtuka. Unajua nilifanya nini? Kuna kale kabomba kadogo mle ndani, karibu na kiti changu, kanatoa maji yale yale ya mashine. Nikakinga kiganja, nikaonja. Hayana chumvi. Hata kidogo. Nenda ukaonje."

"Si uonje," mama akasema.

"Mimi sionji vitu vya watu," nikajibu.

Si kweli kwamba sionji. Stoo naonja kila kitu, unga, mafuta, mpaka majani ya chai makavu. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeshamweka mzee naye kwenye orodha. Kila Ijumaa akimaliza mashine alitoka na fundi, bega kwa bega, wanakwenda msikitini pamoja. Nikasema moyoni, wewe mzee, na utani wako wote, kumbe ni mtu wao.

Mchana wa siku hiyo fundi akamimina chumvi yake kama kawaida. Nilikuwa nimeshamchunguza na kumsikiliza vya kutosha: chumvi hutiwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kliniki haina mgonjwa, na usiku wa Jumapili mtungi wa bluu hujiwasha wenyewe kwa saa yake na kuinyonya. Akafunika pipa. Mzee akatoka ndani, kofia kichwani, akatuaga, wakaondoka wote wawili. Mlango wazi.

Niliingia. Nyuma ya pipa, chini kabisa karibu na sakafu, kwenye ule mpira mwembamba wa chumvi, kulikuwa na koki ndogo nyekundu. Nikainama, nikaizungusha robo tu, ikalala upande. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi, nikakunja mikono. Hakuna aliyeniona. Haki ya Mungu, nilijisikia vizuri. Siku mbili nzima nilitembea mwepesi, na Jumapili kanisani niliimba kwa sauti. Niliona nimemfungia mwizi dirisha, sasa nangoja nione nani atakuja kulisukuma.

Usiku wa Jumapili mama hakulala. Alikaa kitandani ameegemea mito mitatu, akilala tu pumzi zinakatika. Nikamwambia avumilie, kesho asubuhi mashine itamtoa maji yote, na safari hii yatakuwa maji safi.

Jumatatu tulifika mapema. Mzee naye alifika, na hakuwa na utani. Macho yamevimba, anahema. "Shikamoo babu." "Marahaba, binti yangu. Leo kifua kizito. Naingojea hiyo mashine kama mchumba." Mama alitaka kumjibu, pumzi ikamwishia, akampungia tu mkono. Mbuzi wakaja kwenye mtaro, wakanusa huku na huku, wakaondoka zao. Niliwaona wakiondoka. Halikunijia lolote.

Kila asubuhi fundi alikuwa na kazi yake ndogo kabla ya mtu yeyote kuingia. Alikinga maji yaliyotoka kwenye mtungi wa bluu ndani ya kichupa cha kioo, akadondosha matone ya dawa, akainua kwenye mwanga. Yakigeuka bluu, maji ni laini, kazi inaanza. Siku zote yaligeuka bluu. Siku hiyo yakawa mekundu. Akakisuuza kichupa, akarudia. Mekundu. Akaenda kwa nesi, nami nikanyanyuka nikamfuata.

"Hakuna kumuunganisha mtu," alisema. "Maji ni magumu. Resini imejaa."

"Ijumaa si ulitia chumvi?" nikaingilia.

"Nilitia, dada. Imebaki kwenye pipa, haijashuka. Sijui kwa nini."

Nikacheka. Nakumbuka kicheko changu, na ningeweza kukifuta ningekifuta. "Ahaa! Kumbe bila chumvi yenu hamfanyi kazi! Semeni leo, mnatafuta nini kwenye damu za watu?" Wagonjwa wote wakageuka. Fundi akarudi chumbani kwake kutafuta kosa. Mwezi uliopita kichwa cha ule mtungi, pale juu penye saa, kilimsumbua, kwa hiyo ndiko alikokimbilia. Akakifungua, akakipuliza, akapiga simu kwa mafundi wenzake. Chini nyuma ya pipa hakuangalia. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyotokwa jasho, na sikusema neno. Nilikuwa naona raha.

Nesi akatutangazia: kifaa kitaletwa kesho, turudi Jumatano. Mzee akanyanyuka.

"Sista, hata saa mbili tu? Nimetoka mbali."

"Haiwezekani, babu. Haya maji yakipita hivi, mtu atatapika, presha itapanda, yanaweza kumdhuru papo hapo. Kama una hali mbaya nikuandikie hospitali kubwa, ukangoje foleni."

Mzee akafikiri. Akasema bora akangojee kwake. Akachukua kikapu chake, akamwinamia mama. "Mchumba, tutaonana. Usije ukaolewa hapa katikati." Kisha akatembea kuelekea barabarani. Alisimama mara mbili kuvuta pumzi, mara ya pili ameshika nguzo ya umeme. Niliziona zote mbili.

Baada ya hapo mama akabadilika. Alianza kuhema kama mtu anayepanda mlima, na alikuwa amekaa. Midomo ikawa ya kijivu. Nesi akapiga simu hospitali kubwa, wakasema viti vimejaa mpaka jioni. Mama akanishika mkono, hakuniita askari jela, aliniita kwa jina langu la utotoni, lile la Zuzu. Nikamwacha na nesi nikaenda nyuma, sijui nikitafuta nini. Nadhani nilitaka kugombana.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini. Ameufungua mtungi, mapajani ameweka mfuniko, na juu ya mfuniko kuna fungu la vijipunje vyenye maji, rangi ya asali, vidogo kama ulezi. Anavigeuza kimoja kimoja kwa kidole.

"Ni nini hivyo?"

"Resini. Naangalia kama imeharibika. Haijaharibika."

Nilichuchumaa. Sijui kwa nini siku hiyo nilimsikiliza. Labda kwa sababu alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kitu kweli, na hiyo sura naijua, ni yangu mimi nikipotelewa na kitu stoo.

"Dada, birika lako nyumbani lina ukoko mweupe?"

"Birika gani la Dodoma halina?"

"Basi hiyo ni chokaa ya maji yetu ya visima. Hivi vipunje vinaikamata. Maji yanapita, chokaa inang'ang'ania humu, maji yanatoka laini. Vikijaa havikamati tena. Ndipo unavipitishia maji ya chumvi kali. Chumvi inaing'oa chokaa, inakaa mahali pake, na yale maji yote yanamwagwa nje. Vinasuuzwa sana, halafu mbele kuna chujio jingine tena. Ile chumvi ya pipa haifiki kwa mama yako."

"Inamwagwa wapi?"

Akanyoosha kidole. Mtaro. Ule mtaro wa mbuzi. Nikautazama kama siku hiyo ndiyo kwanza naiona saruji. Kingo zake zilikuwa na utando mweupe, nyasi pembeni zimekauka, na mavi ya mbuzi yametapakaa kila mahali. Walikuwa wanalamba chumvi. Kila Jumatatu, mbele ya macho yangu, chumvi niliyokuwa naitafuta ndani ya mama yangu ilikuwa inalambwa na mbuzi, na mimi ninawafukuza kwa kandambili. Na leo mtaro ulikuwa mkavu.

"Chumvi ipo, vipunje ni vizima," fundi akasema, anaongea peke yake. "Kwa nini haikushuka?"

Ningeweza kuondoka. Angeiona tu mwenyewe, leo au kesho, angesema kaigusa yeye kwa mguu. Nilifikiria hivyo, sifichi. Kisha nikasikia mama anakohoa huko ndani.

"Koki," nikasema.

"Koki gani?"

"Nyuma ya pipa. Niliifunga mimi."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na ningemshukuru. Akanyanyuka, akaingia, nikamsikia anavuta pipa. Akarudisha vipunje vyake, akafunga kichwa cha mtungi, na baada ya muda nikasikia mtungi unaanza kunyonya chumvi. Nilikaa kwenye benchi nikitazama mtaro. Maji yalitoka machafu kidogo, kisha meupe, kisha safi, yakaendelea kutoka. Saa saba mchana akakinga kichupa chake, akadondosha dawa. Bluu. Saa saba na nusu mama alikuwa kwenye mashine, na kabla ya saa kumi midomo yake ilikuwa imerudi rangi yake.

Nesi alimpigia mzee simu mbele yangu, spika ikiwa wazi. Maji yamepatikana, babu, rudi. Tulimsikia anahema kwanza.

"Nimeshafika nyumbani, sista. Siwezi basi jingine leo. Nitakuja kesho, Mungu akipenda."

Kesho yake hakuja. Jumatano hakuja. Ijumaa nilipomfikisha mama kitini, nesi akanivuta ukumbini akaniambia: alifariki usiku ule ule wa kuamkia Jumanne. Kifua kilijaa. Sikuuliza kilijaa nini. Kinachojaza kifua nilikijua tangu siku ya kwanza, daktari alinitajia mwenyewe: maji. Labda angekufa hata hivyo, alikuwa mzee, alikuwa anaumwa. Hilo najiambia mara nyingi, na mara nyingi halinisaidii.

Fundi hakunisema kwa mtu. Kwenye daftari lake, lililokuwa wazi mezani na mimi nikalisoma, aliandika kwamba koki ya chumvi ilikutwa imefungwa, basi. Kisha akaifunga kwa waya ikiwa wazi. Wiki nzima nilingoja anidai kitu, maana siamini mtu anayekaa na jambo lako bure. Hakudai. Labda alinionea huruma. Labda aliogopa, kwa kuwa mlango aliuacha wazi yeye. Unaona jinsi nilivyo, hata kwake yeye bado natafuta.

Jumamosi moja baadaye, nikifua khanga za mama, nilikuta fundo dogo kwenye upindo. Nikalifungua. Chumvi, ya kutosha vidole vitatu. Nilikagua nyumba nzima, jirani, nesi, fundi na marehemu, lakini mama yangu sikumkagua. Nikalifunga fundo kama lilivyokuwa.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Ile Ijumaa nilitoka ukumbini nikarudi kwa mama. Alikuwa ameshaunganishwa, damu inapita kwenye mipira, na alikuwa anatazama kiti cha pembeni. Kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu.

"Mchumba wangu leo kachelewa," akasema.

Nikanyanyuka, nikaenda kwenye kale kabomba kadogo karibu na kiti kile, nikakafungua, nikakinga kiganja. Nikaonja. Nikaonja tena. Yalikuwa maji yaliyopooza, hayana ladha yoyote, hayana hata ile ladha ya chokaa tuliyozaliwa nayo.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Naonja maji, mama."

"Yana chumvi?"

"Hayana."

"Si alikuambia?" Akafumba macho, ametulia. "Akija umwombe radhi."